Upenyo wa Milimita Tano

Basi liliniacha Muheza saa nane mchana, mwezi wa Julai, msimu wa machungwa ukiwa umepamba moto. Kabla sijakanyaga chini, kijana mmoja alikwishanyanyua beseni hadi usawa wa dirisha langu, machungwa yamemenywa ganda la juu na kupangwa kama mayai kwenye trei. Nikanunua matatu, nikayala pale pale stendi nimesimama, maji yakinichuruzika hadi kiwikoni. Anayepita Muheza msimu huu bila kula chungwa, bado hajapita Muheza.

Mkononi nilikuwa na mfuko mmoja wa maana: nyembe mia mbili, rula sita za chuma na chupa nne za gundi ya mbao. Mwalimu aliyenialika alikuwa ameniandikia ujumbe mfupi: "Ukija, kaka, njoo na nyembe. Huku zinaisha kama sukari ya msibani."

Tangu Segera nilikuwa nimekaa upande wa kushoto wa basi makusudi. Ukishaipita Hale, mashamba ya mkonge yanafunguka safu baada ya safu, na nyuma yake Usambara Mashariki inasimama ya buluu, mawingu yameikalia kichwani. Kila penye mikonge iliyozeeka utaona milingoti: mti mmoja mmoja umechomoza katikati ya majani, umenyooka, umezidi urefu wa nyumba. Mimi ni mtu wa Korogwe, nimeiona milingoti hiyo tangu sijaanza shule. Nilijua tu kwamba ni dalili ya mwisho, maana mkonge huchanua mara moja maishani kisha hufa. Kumbe ndiyo niliyokuwa nikienda kuifuata.

Karakana ni banda la bati lililokuwa ghala, si mbali na reli. Reli hiyo ya Tanga ndiyo ya kwanza Wajerumani kuijenga katika koloni lao la huku. Walianza Tanga mwaka 1893, na kufika 1896 garimoshi lilikuwa linaingia Muheza. Leo kwenye tuta lake mbuzi wanakula. Ndani ya banda niliwakuta vijana kumi na mmoja wamezunguka meza mbili za mbao za jengo, wameinama kimya kama watu wanaotoa mwiba. Sakafu ilikuwa nyeupe kwa vumbi jepesi. "Shikamoo," wakaniamkia kwa pamoja bila hata mmoja kuinua uso. Nilifurahi. Mtu aliyeshika wembe asiinue uso.

Hawa si wanafunzi wa chuo kikuu. Ni vijana wa kozi fupi ya ufundi ujenzi, wengi wamemaliza kidato cha nne, wawili wameishia darasa la saba. Wanatoka Ngomeni, Lusanga, Bwembwera na vijiji vingine vya wilaya. Mwalimu wao ndiye aliyesomea usanifu majengo, Chuo Kikuu Ardhi, pale Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1956 kwa kufundisha wapima ardhi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Huko alikesha usiku mwingi akikata kadi na kugundisha, na aliporudi kwao alirudi na swali moja: kwa nini utaalamu huu wa kuijenga nyumba ndogo kwanza ubaki kwa wasanifu, wakati nyumba nyingi za huku hazijawahi kumwona msanifu? Nyumba ya kijijini inaamuliwa na watu wawili, fundi na mwenye nyumba, wamesimama kiwanjani, fundi anachora mchangani kwa kijiti. Mvua ikinyesha usiku, ramani imekwenda.

Ndiyo maana katika kozi hii mwanafunzi hashiki nyundo kabla hajamaliza nyumba moja inayoingia kwenye tenga la machungwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa malighafi. Vyuoni hutumika mbao laini za kutoka nje na kadi nene zinazouzwa kwa bei ya kumkatisha mtu tamaa. Mwalimu alianza na maboksi. Yakavuta unyevu, kuta zikapinda kabla hazijaezekwa. Akajaribu mianzi, ikawa inapasuka. Kisha kijana wa Ngomeni akaja na kipande cha mlingoti wa mkonge begani. Kwao milingoti hutumika kujengea mabanda ya kuku na uzio, na watoto huichonga magari. Hata sisi Korogwe tulichonga: lori lenye magurudumu ya kandambili, bodi ya mlingoti. Ila hakuna kati yetu aliyewahi kuuita mti huo malighafi.

Nilipewa kipande nikishike. Urefu wa mkono wangu, unene wa paja la mtoto, na uzito wake ulikuwa kama wa mkate. Ganda la nje ni gumu, linang'aa. Ndani kuna moyo mweupe wenye nyuzi zinazokwenda wima. Kijana wa Ngomeni akanionyesha namna ya kuupasua. Kwanza unaondoa ganda kwa panga, kisha unachana ubao wa unene wa milimita tano kwa msumeno wa chuma, kisha msasa. Kukata ndiko kwenye siri. Mkono wa kwanza wa wembe hauukati mti, unauwekea alama tu. Wa pili unaingia kidogo. Wa tatu, wa nne, bila kukandamiza, rula ya chuma imeshikwa kwa vidole vilivyokunjwa ili ncha zisitokeze ukingoni. Ukitaka kumaliza kwa mkono mmoja, nyuzi zinafumuka na ukingo unakuwa kama mswaki uliochakaa. Nilijaribu. Wangu ukafumuka. Akauchukua bila neno, akauweka kwenye rundo la vipande vya kufanyia vichaka na miti ya uani, akanipa mwingine.

Ukitazama historia, mti huu una haki ya kuwa mezani hapa. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo mikonge ikaenea Tanga nzima, na kwa jasho la manamba waliotolewa mbali ikajenga nyumba nyingi ng'ambo kuliko ilizojenga Muheza. Kuona mlingoti wake ukimfundisha kijana wa Ngomeni kujenga kwao, niliona deni fulani linaanza kulipwa, hata kama ni kwa senti.

Asubuhi ya pili Mwalimu alifundisha skeli. Aliandika ubaoni 1:20, akafuta, akachukua futi na kumpima msichana wa Lusanga: mita moja na sentimita sitini. "Huyu kwenye nyumba yetu ana sentimita ngapi?" Wakahesabu kimya, vidole vikitembea juu ya meza. Nane. Akakata mtu wa sentimita nane kwa karatasi ya manila, akamsimamisha mezani. Mlango wa mita mbili ukawa sentimita kumi. Ukuta wa mita mbili na sentimita arobaini ukawa kumi na mbili. Kisha akauliza, "Na mbu?" Wakacheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu hakuwa anatania. Mbu wa milimita sita, ukimgawa kwa ishirini, anabaki kama nukta ya ncha ya penseli. Akaitia nukta hiyo kwenye karatasi nyeupe, akaibandika ukutani, na pale ikakaa mpaka naondoka.

Zoezi lilikuwa hili: kila mmoja akapime nyumba anayolala, aijenge kama ilivyo. Asirekebishe chochote. Kilichopinda kibaki kimepinda.

Kazi ya kujenga kitu kama kilivyo ni ngumu kuliko wengi tunavyodhani, maana mkono una tabia ya kunyoosha. Msichana wa Lusanga aliukata ukuta wa mbele wa kwao ukiwa sawa pande zote, akatazama vipimo vyake, akaona ukuta halisi umeshuka sentimita nane upande wa jikoni. Akaukata tena. Sentimita nane kwa skeli ni milimita nne. Na alipoweka mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta kubeba kombamoyo za paa, upande mmoja ukakaa vizuri na wa pili ukaacha uwazi. Akapima uwazi: milimita tano. Akaitazama nukta ya mbu ukutani, akaurudia uwazi. Mbu kumi na zaidi wangeweza kupita hapo wamepandana.

Jina lenyewe la mti huo linatosha kuwa ushahidi: wazee waliojua kwamba hapo juu panya anatambaa walijua pia kwamba pana njia. Nyumba za udongo za huku zinaachwa wazi hapo makusudi, moshi wa jikoni utoke na joto lipande. Mbu wa malaria naye ana mwenendo wake. Akifuata harufu ya watu na kukutana na ukuta, hupanda nao hadi juu, akaingilia chini ya paa. Mlango unaufunga kwa komeo, yeye hana haja nao.

Nilisimama nyuma ya msichana yule nikaona nyumba ya bibi yangu, Korogwe. Ilikuwa na upenyo huo huo upande wa magharibi. Bibi aliuziba kwa matambara msimu wa baridi, na joto likianza aliyatoa, kwa sababu ndani palikuwa hapalaliki. Mdogo wangu alishikwa na degedege katika chumba hicho usiku mmoja wa Aprili, mwaka wa mvua nyingi. Alipona, ila mguu wake wa kushoto haukurudi kama ulivyokuwa. Miaka yote hiyo nimesikia maneno ya chandarua, dawa na kufyeka majani. Hakuna aliyewahi kunionyesha kwa kidole: hapa. Msichana wa miaka kumi na tisa alinionyesha, kwa nyumba anayoweza kuibeba kiganjani.

Tena Muheza ndipo mahali ambapo mbu amesomwa kwa bidii kuliko sehemu nyingi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kilianzishwa hapa kitengo cha utafiti wa malaria cha Afrika Mashariki, kikahamia baadaye Amani, juu mlimani, kwenye majengo ya taasisi ya kilimo na mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Katika miaka ya 1950 mtafiti M. T. Gillies aliwatia mbu alama, akawaachia kwenye vijiji vya hapa ajue wanaruka umbali gani na wanaishi siku ngapi. Vyandarua vyenye dawa navyo vilijaribiwa wilaya hii. Maarifa yote hayo yalitoka Bonde, nchi hii ya Muheza, yakazunguka dunia. Fundi wa Bonde, aliye na uwezo wa kuufunga upenyo, nadhani ndiye aliyefikiwa mwisho.

Ila hapa Muheza pia ndipo swali la nyumba lilipoulizwa kwa vitendo. Wiki iliyofuata tulipanda bodaboda tatu, Mwalimu, wanafunzi wawili na mimi, kwenda Magoda. Njia ni ya vumbi, inapita kati ya michungwa na minazi. Kati ya 2014 na 2015 zilijengwa kijijini humo nyumba za majaribio, kazi ya msanifu Jakob Knudsen wa Denmark na daktari mtafiti wa malaria Lorenz von Seidlein pamoja na wenzao. Walitazama nyumba za Asia ya Kusini-Mashariki, zenye sakafu iliyoinuliwa na kuta zinazopumua, wakauliza kama hewa hiyo inaweza kuletwa kwenye joto la Tanga. Wakajenga za chini na za ghorofa moja, kuta nyingine za mianzi, nyingine za mbao, nyingine za neti ya kivuli kama ile inayofunika vitalu vya miche. Penye tundu pamewekwa wavu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet Planetary Health. Ukilinganisha na nyumba za kawaida za kijijini, mbu walipungua kwa asilimia 77 katika zile za chini, na kwa asilimia 96 katika zenye ghorofa. Mbu huyu hapendi kuruka juu sana. Kwa kuwa ndani hewa inapita na joto linapungua, mtu hupata sababu ya kulala ndani ya chandarua hadi asubuhi badala ya kukitupa saa nane za usiku. Wazo hilo lilipelekwa baadaye Mtwara, zikajengwa nyumba 110 za ghorofa kwa majaribio makubwa zaidi.

Hatukuomba kuingia. Ni nyumba za watu, na watu wa Magoda wameshatazamwa vya kutosha. Tulisimama barabarani mbele ya mojawapo, saa sita mchana, jua likiwa utosini, na tukaona mwanga umepita ukuta wa mbele ukatokea wa nyuma, kana kwamba nyumba imeshikwa usawa wa taa. Kijana wa Ngomeni alikuwa na daftari. Hakuchora nyumba. Alichora kivuli chake.

Kutoka hapo karakana ilibadilika. Zoezi la pili lilikuwa kuijenga upya nyumba ile ile waliyoipima, kwa kutumia vitu vinavyopatikana Muheza na fedha ambayo familia inaweza kuipata kidogo kidogo. Usiku ule ule tukapata pigo. Gundi niliyoleta ilikuwa bado haijafunguliwa: nyumba za awali zilikuwa zimegundishwa kwa uji wa unga wa muhogo, na panya waliingia wakala. Asubuhi tulikuta mbili zimelala kifudifudi, pembe zimefunguka, na kwenye mtambaapanya wa moja meno yameonekana kabisa. Kijana wa Bwembwera, mwenye mojawapo, alikaa chini mlangoni muda mrefu. Ilikuwa kazi ya siku sita. Mwalimu hakumpa pole ya maneno mengi. Alimletea chai, akakaa naye, kisha wakaanza kuokota vipande pamoja na kuvipanga mezani kwa namba. Kufika adhuhuri ukuta wa kwanza ulikuwa umesimama, na kijana yule alikuwa amekata kona zake kwa pembe ya mshazari, ubao ukaumana na ubao, jambo ambalo mara ya kwanza hakulijua.

Jioni hiyo Mwalimu aliwafundisha karatasi. Alikunja kipande cha manila kwa mikunjo minne inayokutana katikati, akakisimamisha juu ya kijiti kama mwavuli uliogeuzwa, akaweka juu yake chungwa. Halikuanguka. Akawaeleza habari za Beda Amuli, msanifu aliyebuni soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, na miavuli yake ya zege inayokusanya maji ya mvua. Wengi wao hawajafika Dar es Salaam. Waliisogeza karatasi ile karibu na taa, wakaizungusha, wakatia maji kwa kijiko yashuke katikati. Yakashuka. Mmoja akasema mwavuli kama huo ungefaa juu ya pipa la kwao, na usiku nilimwona bado anakunja.

Kipimo kikubwa kilikuwa moshi. Nyumba zilipokamilika zilitolewa nje, zikawekwa juani kwenye mchanga, mbili mbili: ya kwanza iliyoigwa, na ya pili iliyobuniwa. Mwalimu akawasha udi, akauingiza kupitia mlangoni, akafunga. Tukachuchumaa. Katika nyumba ya kwanza ya msichana wa Lusanga moshi ulijaa, ukazunguka, ukatafuta ule upenyo wa milimita tano na kutokea hapo kama uzi. Njia uliyotokea moshi ndiyo anayoingilia mbu, sote tuliiona. Katika nyumba ya pili alikuwa amepandisha chumba cha kulala ghorofani, kuta zake vipande vyembamba vya mlingoti vilivyoachiana nafasi, nyuma yake kitambaa cha chandarua kilichochakaa. Paa lilikaa juu ya ukuta bila nafasi isiyo na wavu. Moshi ukapita kutani pote, taratibu, kama jasho. Baada ya dakika moja ndani palikuwa peupe.

Hakuna programu ya simu ambayo ingenifanya nilione hilo, na nimeziona programu nzuri. Kwenye kioo ukuta hauna uzito, wala hauumizi kidole ukikosea. Ila sababu yangu kubwa ya kuipenda kazi hii ni nyingine. Ramani humnyamazisha mwenye nyumba. Anapewa karatasi yenye mistari, anaona aibu kusema haielewi, anatikisa kichwa, na nyumba inajengwa. Ukimwekea nyumba yenyewe mbele ya magoti yake, atasema.

Nilimwona akisema. Siku moja kabla sijaondoka msichana wa Lusanga aliipakia nyumba yake kwenye tenga, akaizungushia majani ya mgomba, tukaenda kwao kuionyesha kwa bibi yake, maana ndiye mwenye kiwanja. Tulimkuta barazani anachambua mchicha. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wajukuu zangu. Mmeniletea nini kwenye tenga, kuku?" Nyumba ikatolewa, ikawekwa juu ya mkeka.

Bibi alifuta mikono kwenye kanga. Akaizunguka nyumba kwa macho, kisha akajilaza kwa kiwiko, akatia jicho mlangoni. Alikaa hivyo kwa muda. Akauliza jiko liko wapi, akaonyeshwa nje, pembeni. Akauliza mvua ya kusi ikija inapiga ukuta gani, mjukuu akamwonyesha paa lilivyotokeza. Akamchukua mtu wa manila, yule wa sentimita nane, akamsimamisha chumbani ghorofani. "Huyu ndiye mimi?" "Ndiyo, bibi. Huko juu mbu hawafiki." Akamtazama mtu yule. Kisha akaitazama ngazi, ambayo mjukuu wake aliijenga ndani kwa ustadi, imepanda hatua sita, ikakata kona, ikapanda sita nyingine.

"Na jeneza litashukia wapi?"

Hakuna aliyejibu. Hakuuliza kwa huzuni wala kwa kutukomoa. Aliuliza kama mtu anavyouliza choo kiko upande gani. Babu yake msichana alitolewa katika nyumba wanayoishi kwa mlango wa mbele, amebebwa na wanawe wanne, na bibi alijua kwa hakika kwamba naye atatoka siku moja.

Msichana akafungua daftari. Jeneza urefu mita mbili, upana sentimita sitini. Kwa skeli, kumi kwa tatu. Akakata kipande cha manila kwa vipimo hivyo, pale pale mkekani, akakishusha kwa vidole viwili kutoka chumbani. Hatua sita za kwanza kilipita. Kwenye kona kikagota. Akakiinua, akakigeuza, kikagota upande wa pili. Ili kipite ilibidi kisimamishwe wima, na bibi alipoona hivyo alitikisa kichwa, na mimi nikatazama pembeni.

Tulirudi karakana jua likizama. Msichana hakuwasha redio, hakuongea na mtu. Akaingiza wembe chini ya ngazi, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, ikatoka nzima. Akaitupa kwenye rundo la vichaka. Kijana wa Bwembwera alikuja kumshikia taa. Wakapima ukuta wa mashariki kwa nje, wakapanga ngazi moja iliyonyooka, upana sentimita sita, ikianzia kwenye kibaraza cha juu na kuishia uani, bila kona. Wakakata watu wanne wapya wa manila. Wakabishana wabebaji washike vipi: wa mbele wanaotangulia kushuka waweke mabegani, wa nyuma washike kwa mikono iliyoshuka, ili jeneza lisilale kwa kichwa. Mwalimu alisimama mlangoni akawasikiliza bila kuingia kati. Ilipofika saa tano usiku kipande cha manila kilishuka kutoka juu hadi chini bila kugusa ukuta.

Asubuhi basi langu lilikuwa saa nne. Saa mbili tulikuwa Lusanga na tenga letu. Bibi alikishusha kile kipande mwenyewe, kwa mkono wake, mara mbili, polepole, akakiweka uani, akakifunika na jani la mchicha.

"Haya," akasema. "Sasa nitalala juu."